Makerere sokoni: kwanza viti, kisha ujuzi

Karibu kila chuo kikuu cha umma Afrika Mashariki siku hizi kina ofisi ya ubunifu, kituo cha kulea biashara changa na ukurasa mzima wa ujasiriamali ndani ya mpango mkakati. Ukiuliza ni nini hasa kinachokifanya chuo kiwe cha kijasiriamali, utatajiwa uongozi bora, vyanzo vingi vya fedha, sera ya hakimiliki na uhusiano na viwanda. Yote ni kweli. Lakini orodha haikuambii lipi hutangulia, lipi hubeba jingine, wala lipi likikosekana huvuruga yote yaliyobaki. Kwa hiyo nimechukua kisa kimoja, Chuo Kikuu cha Makerere cha Kampala, na kukifuata kwa zaidi ya miaka 30.

Makerere iliingia sokoni mara mbili. Mara ya kwanza iliuza nafasi za masomo. Mara ya pili imeuza, na bado inajifunza kuuza, ujuzi uliomo vichwani mwa watafiti na wanafunzi wake. Awamu ya kwanza iliokoa chuo kisife, kisha ikakijeruhi. Awamu ya pili imezaa matunda machache ila ya maana. Kilima cha Makerere ni kilekile na wasomi, kwa sehemu kubwa, ni walewale. Naamini tofauti kubwa ilitokana na mambo mawili ambayo hayapewi uzito katika hotuba za uzinduzi: nani anabaki na fedha zinapoingia, na nani ana mamlaka ya kuamua zitumikeje.

Chuo kilichoishiwa

Makerere ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi chenye wanafunzi 14 waliofunzwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki cha London, mwaka 1963 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake. Julius Nyerere alisomea ualimu hapo, Mwai Kibaki alisoma uchumi na baadaye akaufundisha hapohapo, na Benjamin Mkapa alipata shahada yake ya kwanza kilimani hapo. Kuporomoka kwa chuo hiki kulikuwa hasara ya eneo zima.

Na kiliporomoka kweli. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alitekwa na watu wa utawala wa Idi Amin na hakuonekana tena. Wahadhiri wa kigeni waliondoka, na wengi wa wazalendo waliokimbilia Nairobi, Dar es Salaam na Ulaya hawakurudi. Serikali ya Yoweri Museveni iliposhika madaraka Januari 1986, ilirithi majengo yaliyovuja na maktaba isiyo na vitabu vipya. Mshahara wa mhadhiri haukukidhi hata mahitaji ya kawaida ya nyumbani. Wasomi walifuga kuku, walilima bustani nyuma ya nyumba za chuo, wengine wakaendesha teksi.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa enzi nyingine. Serikali ilimlipia mwanafunzi masomo, chakula, malazi na nauli, na juu yake ikampa posho ya mfukoni. Hazina haikuweza kuendelea hivyo, na wafadhili walikuwa wakiisukuma ielekeze fedha kwenye shule za msingi. Posho zilipoanza kukatwa, wanafunzi waligoma, na wahadhiri nao walikuwa wameshagoma mwaka 1989 wakidai mishahara. Desemba 1990 polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi waliogoma na wawili wakafa. Kwa hiyo chuo hakikuingia sokoni kwa sababu ya dira nzuri iliyoandikwa kwenye semina. Kiliingia kwa sababu kila njia nyingine ilikuwa imezibwa, na anayetaka kujifunza kutokana na kisa hiki asilisahau hilo.

Uamuzi wa mwaka wa masomo 1992/93

Uamuzi wenyewe, ukiusoma, ni mfupi: chuo kiliruhusiwa kupokea wanafunzi wa kujilipia ada, nje ya wale wanaolipiwa na serikali. Masomo ya jioni yalianza katika sheria na biashara, na vitivo vingine vikafuata. Makamu mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Profesa William Senteza Kajubi. Kuanzia mwaka 1993 uongozi ulishikwa na mwanakemia, Profesa John Ssebuwufu, aliyekaa hadi 2004, na ni katika kipindi chake ambapo mlango uliokuwa umefunguliwa kidogo ulipanuliwa wote.

Kwa nini ulifanya kazi? Kwanza, wateja walikuwepo. Kila mwaka vijana waliofaulu kidato cha sita walikuwa wengi kuliko nafasi zilizolipiwa na serikali. Mjini Kampala kulikuwa pia na watu wazima walioikosa shahada katika miaka ya vita: walimu, makarani, maofisa wa benki, watumishi wa wizara. Kwao masomo ya jioni yalikuwa nafasi waliyoisubiri kwa miaka. Na walikuwa na cha kulipa, kwa sababu uchumi wa Uganda katika miaka ya 1990 ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka.

Jambo la pili huwa halitajwi: usalama. Masomo ya jioni hayawezekani katika mji ambao watu hujifungia ndani jua linapotua. Miaka kumi kabla ya hapo Kampala ilikuwa hivyo. Katikati ya miaka ya 1990 mwanamke mfanyakazi wa posta aliweza kutoka kazini, akapanda matatu hadi Wandegeya, akahudhuria mhadhara na kurudi kwao usiku. Tukizungumzia mazingira yanayowezesha ujasiriamali wa vyuo, tunakimbilia sheria na ruzuku. Hapa mazingira yalikuwa amani ya mtaani na mshahara unaoingia kila mwezi kwa mfanyakazi wa ofisini.

La tatu ndilo kubwa. Serikali iliacha ada hizo zibaki chuoni. Haikuzipeleka Hazina wala haikupunguza fungu lake la bajeti kwa kiasi kilekile. Na chuo nacho kikaziachia vitivo vilivyozichuma sehemu kubwa ya mapato yao. Mkuu wa kitivo aliyebuni kozi mpya aliona matokeo yake mwaka uleule: rangi ukutani, kompyuta, viti, malipo ya mhadhiri kwa kila saa ya ziada. Waliokuwa wakiendesha teksi walirudi madarasani, kwa sababu sasa kufundisha kulilipa.

Matokeo yalikuja kwa kasi. Mwaka 1999 taarifa iliyotolewa na Benki ya Dunia pamoja na taasisi ya Rockefeller ilieleza kwamba katika miaka saba chuo kilikuwa kimetoka mahali ambapo hakuna mwanafunzi aliyelipa ada hadi mahali ambapo zaidi ya asilimia 70 walilipa. Zaidi ya asilimia 30 ya mapato yalizalishwa na chuo chenyewe. Idadi ya wanafunzi ilikuwa imekaribia mara mbili, kutoka kama 7,000 hadi 14,000. Taarifa hiyo iliyaita mabadiliko hayo mapinduzi ya kimyakimya, na wakuu wa vyuo wa nchi nyingine wakaja Kampala kujionea. Burton Clark, msomi wa Marekani aliyekuwa amechunguza vyuo vitano vya Ulaya vilivyojigeuza kuwa vya kijasiriamali, baadaye aliiongeza Makerere katika mifano yake.

Sipendi kuona awamu hii ikidharauliwa, kama inavyofanyika mara nyingi siku hizi. Maelfu ya watu walipata shahada ambayo wasingeipata kamwe. Wanawake, waliokuwa tayari wameanza kunufaika na alama 1.5 za nyongeza tangu mwaka 1990, walizidi kuongezeka. Mwaka 1997 Kitivo cha Biashara kiliunganishwa na chuo cha biashara cha Nakawa na kuzaa MUBS, shule ya biashara ya Makerere, ambayo imelea wafanyabiashara wengi wa Uganda ya leo. Chuo kilichokuwa kinakufa kilirudiwa na uhai.

Kanuni ileile ikageuka sumu

Kanuni ya kwamba anayechuma ndiye anayebaki nazo ilikuwa injini ya mafanikio. Ilikuwa pia chanzo cha matatizo karibu yote yaliyofuata.

Vitivo vya sayansi vilikwama mapema. Darasa la sheria la watu 100 unaweza kuligeuza la 400 kwa kutafuta ukumbi mkubwa na kipaza sauti. Maabara ya kemia yenye meza 40 huwezi kuifanyia hivyo. Fedha zikaelekea kwenye masomo yanayohitaji chaki na mdomo, wakati sayansi, uhandisi na kilimo, fani ambazo nchi ilizihitaji zaidi kwa viwanda vyake, zikaachwa na vifaa vya miaka ya 1960.

Kisha vitivo vikaanza kushindana vyenyewe kwa vyenyewe. Profesa Mahmood Mamdani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007, alieleza kwa undani jinsi vitivo vilivyobuni kozi za kuvutia wateja hata pale ambapo utaalamu wake ulikuwa kitivo kingine, na jinsi mafunzo ya kazi za ofisini yalivyovaa joho la shahada. Alitofautisha mambo mawili: kupokea wanafunzi wanaolipa, ambako kunaweza kufanyika bila kugusa mtaala, na kuliachia soko liamue nini kifundishwe na nani. Makerere ilianza na la kwanza ikateleza hadi la pili. Sikubaliani na Mamdani kwa kila jambo, kwa maana naona hakuipa uzito wa kutosha hali ya chuo kabla ya 1992, lakini katika hili ushahidi wake ni mgumu kupingwa.

Utafiti uliumia kuliko vyote. Mhadhiri alilipwa kwa saa ya darasani, halipwi kwa saa ya kuandika makala au kujaribu kifaa. Mwenye akili timamu na watoto wa kusomesha atachagua lipi? Wengi walifundisha asubuhi Makerere, mchana chuo binafsi, jioni Makerere tena. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 wanafunzi walikuwa wamepita 30,000 katika majengo ambayo mengi yalijengwa kwa ajili ya sehemu ndogo ya idadi hiyo. Waliokosa nafasi ndani walisikiliza mhadhara kupitia dirishani.

Hapa linganisha na Warwick, Uingereza, chuo ambacho wachambuzi hukirejelea sana. Mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher ilipokata ruzuku za vyuo, Warwick nayo ilibanwa ikaanza kuchuma: kozi fupi za mameneja, kumbi za mikutano, utafiti kwa viwanda vya magari kupitia kundi lililoanzishwa na Kumar Bhattacharyya mwaka 1980, na bustani ya sayansi iliyofunguliwa 1984. Idara zilizochuma zilibaki na sehemu ya mapato kama motisha, lakini sehemu nzito ilikwenda kwenye mfuko wa kati uliozitegemeza idara zisizoweza kujiuza, zikiwemo historia na hisabati, na uliolipia ajira za watafiti vijana. Uongozi wa kati ulikuwa imara na wasomi waliuamini, kwa sababu waliona fedha zinakokwenda. Makerere ilikuwa na motisha ya pembeni bila nguvu ya katikati. Kila kitivo kikajitafutia, na chuo kama chuo kikabaki maskini katikati ya vitivo vyenye uwezo.

Udhaifu huo ulifikia kilele mwaka 2016. Miaka mitatu kabla, wahadhiri waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na uongozi ukakubali kuwalipa motisha ya asilimia 70 juu ya mshahara kutoka mapato ya ndani, maana yake ada. Ada zilikuwa hazipandi, idadi ya wanafunzi haikuongezeka tena, na vyuo binafsi vilikuwa vinagombea wateja walewale. Malimbikizo yakafika karibu shilingi bilioni 28 za Uganda. Wahadhiri wakagoma, wanafunzi wakaandamana wakitaka kufundishwa, na tarehe 1 Novemba 2016 Rais Museveni akakifunga chuo. Kilifunguliwa Januari 2017. Baadaye uongozi ulijaribu kupandisha ada kwa asilimia 15 kila mwaka, na Oktoba 2019 wanafunzi, wengi wa viongozi wao wakiwa wasichana, walitoka kupinga na askari wakaingia mabwenini. Hapo ilidhihirika kwamba chanzo cha ada kilikuwa kimefika mwisho wake.

Wakenya wanalijua hili kwa njia yao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa kujilipia, Module II, mwaka 1998, kikajenga bajeti nzima juu yake, na vyuo vingine vya umma vikaiga. Kisha udanganyifu katika mitihani ukadhibitiwa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2016 waliopata A walikuwa 141 tu, na waliofikia C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 88,929. Serikali iliweza kuwapangia wote nafasi za kulipiwa, na wateja wa Module II wakakauka karibu kwa mara moja. Madeni yanayovisumbua vyuo vya Kenya hadi leo yana mizizi hapo. Chuo chenye chanzo kimoja cha mapato ni tegemezi, awe ni serikali anayelipa au mzazi.

Kuuza kingine

Awamu ya pili haikuwa na siku ya kuzaliwa. Ilichipuka pembeni wakati vitivo vikubwa vikihangaika na idadi, na mara nyingi ilichipuka mahali ambapo ada hazingeweza kufika.

Mfano ninaouona kuwa muhimu kuliko yote ni Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, IDI, iliyobuniwa mwaka 2001 na kundi la madaktari wa Makerere na wenzao wa Amerika Kaskazini, kwa msaada wa kampuni ya dawa ya Pfizer. Wakati huo UKIMWI ulikuwa unaua na dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijawafikia wengi. Jengo lake katika eneo la hospitali ya Mulago lilifunguliwa mwaka 2004. Inamilikiwa na Makerere kwa asilimia 100, lakini ina bodi yake, hesabu zake na taratibu zake za kuajiri na kununua. Mfadhili akitaka taarifa ya matumizi anaipata kwa wakati. Daktari akihitaji vitendanishi, ombi lake halizunguki ofisi saba kilimani. Kwa sababu hiyo IDI imekuwa miongoni mwa vitengo vya Makerere vinavyovuta ruzuku nyingi zaidi za utafiti, inatibu maelfu ya watu wenye VVU na imefunza wataalamu wa nchi nyingi za Afrika.

Mfumo huu, taasisi iliyo mali ya chuo lakini inayojiendesha, uliunganisha vitu viwili vilivyokosana katika awamu ya kwanza: uhuru wa wanaochuma na kusudi la chuo. IDI haiwezi kuanzisha shahada ya utalii kwa sababu inalipa, kwa kuwa kazi yake imewekewa mipaka tangu mwanzo. Ndani ya mipaka hiyo, iko huru.

Jambo jingine lililosaidia ni fedha zenye subira. Kuanzia mwaka 2000 shirika la misaada la Sweden, Sida, lilianza kulipia mafunzo ya uzamivu, mtandao wa kompyuta na vifaa vya utafiti. Fedha hizo hazikudai kozi mpya muhula ujao. Zilisubiri miaka minne au mitano mtu amalize uzamivu, arudi, afungue maabara yake. Wengi wa wanaoongoza miradi ya leo ni matunda ya subira ya namna hiyo. Soko la ada lisingeweza kulipia jambo hilo hata siku moja, na ndiyo sababu siamini hoja kwamba chuo kikipewa uhuru wa kibiashara peke yake kitafika kwenye uvumbuzi.

Mfano mwingine wa awamu ya pili ni gari la Kiira. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanafunzi wa uhandisi wa Makerere walishiriki katika mradi wa kimataifa wa kubuni gari ulioongozwa na wanafunzi wa MIT ya Marekani. Waliporudi, wakiwa na walimu wao Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na Mhandisi Paul Isaac Musasizi, waliamua kutengeneza la kwao. Novemba 2011 Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, lilitembea barabarani. Mwaka 2014 likafuata gari la mseto la Kiira EV Smack, na Februari 2016 basi la Kayoola la viti 35 lenye paneli za jua juu ya paa. Serikali ilitoa fedha kupitia mpango wa rais wa sayansi na teknolojia, na mwaka 2014 kampuni ya Kiira Motors ikasajiliwa: asilimia 96 za serikali, asilimia 4 za Makerere.

Mgawanyo huo umejadiliwa sana, na mimi nauona kuwa wa haki kwa mtazamo wa mtaji na usio wa haki kwa mtazamo wa wazo. Serikali ndiyo iliyolipa, na kiwanda cha mabasi kilichoko Jinja kisingejengwa kwa fedha za chuo. Hata hivyo chuo kilichozaa wazo, kikalilea kwa miaka saba na kutoa wahandisi wote wa mwanzo, kilistahili kuingia mezani kikiwa na makubaliano ya hakimiliki yaliyoandikwa kabla gari halijatembea. Makerere ilikuwa na sera ya hakimiliki tangu 2008. Sera iliyoko kabatini hujadiliani nayo na Hazina. Unahitaji ofisi yenye mwanasheria anayejua kuandika mkataba wa leseni, na ofisi ya namna hiyo huchukua miaka kuijenga.

AirQo ni hadithi tulivu zaidi, na kwangu ndiyo inayotia moyo. Mwaka 2015 kundi la wanasayansi wa kompyuta chini ya Profesa Engineer Bainomugisha lilianza kutengeneza vipima hewa vya bei nafuu. Kampala ilikuwa na moshi wa boda boda, vumbi la barabara zisizo na lami na majiko ya mkaa, lakini karibu haikuwa na takwimu, kwa sababu mashine za kawaida za kupimia hewa ni ghali mno. Vifaa vyao vilibuniwa kustahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, na vingine vilifungwa kwenye pikipiki za boda boda ili vizunguke mji. Mwaka 2019 Google ilitoa dola milioni 1.3 kupitia mfuko wake wa hisani, na mwaka 2022 ikaongeza dola milioni 3 ili mradi uenee katika miji mingine ya Afrika. Wanunuzi wa takwimu hizo ni halmashauri za miji, watafiti na mashirika. Hilo ni soko, ila soko linaloongeza ujuzi wa idara kila linapokua, tofauti na darasa la 400 lililoumaliza.

Wanafunzi nao waliingia. Brian Gitta, aliyechoka kuchomwa sindano kila alipopimwa malaria, alibuni na wenzake Matibabu, kifaa kinachomulika kidole badala ya kutoa damu, na mwaka 2018 akawa Mganda wa kwanza kutwaa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mwaka mmoja kabla, koti la MamaOpe la kugundua nimonia kwa watoto lilikuwa limeingia katika orodha ya wateule wa tuzo hiyohiyo. Shule ya Afya ya Umma ilikuwa imeanza kuendesha mtandao wa vyuo vya Afrika uitwao RAN mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, ukitoa ruzuku ndogo kwa mawazo kama haya. Kutoka tuzo hadi kifaa kuwepo katika zahanati ya kijijini ni safari nyingine, yenye majaribio ya kitabibu, vibali na mtaji. Hapo vyuo vyetu vyote bado vinakwama.

Linalobaki mezani

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini sijaanza na ardhi, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Mlimani City kwa kukodisha eneo lake kwa kampuni ya Botswana, na maduka yakafunguliwa 2006. Kukodisha ardhi ni chanzo kizuri cha mapato, na chuo chenye ekari nyingi mjini kingekosea kuziacha zikiota majani. Lakini pango halimfundishi mhadhiri kubuni chochote. Linafaa pale tu mapato yake yanapofungwa kwenye jambo maalumu, kwa mfano mfuko wa utafiti, yasimezwe na bili za umeme na maji.

Mfuko wa aina hiyo Makerere inao, ingawa umetoka kwingine. Mwaka wa fedha 2019/20 serikali ya Uganda ilianza kutoa shilingi bilioni 30 kwa mwaka kwa Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa chuo, Mak-RIF, unaogawiwa kwa ushindani kwa watafiti wa fani zote. Ni mara ya kwanza kwa fedha za walipa kodi wa Uganda kuingia kwenye utafiti wa Makerere kwa kiasi kama hicho, na umuhimu wake ulionekana zaidi mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miradi ya afya iliyoitegemea ikatikisika Afrika nzima. Tatizo ni kwamba mfuko huu hujadiliwa upya bungeni kila bajeti. Mwanafunzi wa uzamivu anahitaji miaka minne. Bajeti inampa mmoja.

Chuo kinachotaka kuanza safari hii sasa, kiwe Dodoma, Maseno au Bujumbura, kina nafasi ambayo Makerere haikuipata, kwa sababu hakihitaji kuanza kikiwa na njaa. Kwanza kiandike kanuni ya mgawanyo wa mapato kabla fedha hazijaanza kuingia, maana zikishaingia kila mwenye fungu atalilinda. Kanuni hiyo itaje sehemu ya mchumaji, sehemu ya kitivo na sehemu ya mfuko wa kati, nayo itangazwe kwa wafanyakazi wote pamoja na hesabu za kila mwaka. Pili kichague kitengo kimoja ambacho tayari kina watu wanaojua jambo ambalo wengine hawalijui, kikipe bodi, akaunti na mipaka ya kazi kama ilivyofanywa kwa IDI, na kiache kijiendeshe kwa miaka mitano bila kuingiliwa. Tatu kiajiri mwanasheria wa hakimiliki kabla ya kujenga jengo la ubunifu. Jengo linaweza kusubiri.